Kona ya Kocha

Kocha wetu hakuwahi kufundishwa na mtu, na jambo hilo alijivunia kuliko wengine wanavyojivunia vyeti vyao. Alizaliwa wapi, babake nani, ukoo gani, hayo sitayagusa. Yeye mwenyewe aliyasimulia kila Jumamosi kabla hatujapanda kilima, na kila Jumamosi yalikuwa tofauti kidogo. Alikuwa kocha wa nini? Wa kuteremka mlima kwa baiskeli. Ndiyo, cheka tu, hata mimi nilicheka. Miaka ya themanini ikiishia, watu wa Kisumu wakihangaika na unga na kazi, kulikuwa na mtu mzima, mwenye mke na boma lake, aliyeamua kwamba alichotumwa hapa duniani ni kuwafundisha vijana kujitupa kutoka juu ya kilima chenye msitu, nyuma ya Kisian, wakiwa juu ya magurudumu mawili.

Nilimjulia dukani. Baba yangu aliuza vipuri vya baiskeli mjini, na sisi Waswahili wa Kisumu tunajulikana: hata ukija kununua vali moja, lazima ukae, unywe chai, utoe habari za nyumbani. Kocha alikuja kununua kebo ya breki akakaa mpaka adhuhuri. Alikuwa na baiskeli ya gia yenye tairi nene za meno, aliyoachiwa na mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuwa akifundisha shule huko Seme kabla ya kurudi kwao. Baiskeli ya namna ile tulikuwa hatujaiona, na yeye alijua hatujaiona. Aliiegemeza mlangoni katikati, ili kila mteja apite kwa kuizunguka. Kichwani alivaa helmeti ya mjengo, ya manjano, aliyoifunga kidevuni kwa kipande cha tyubu. Baba alipomwuliza anajenga wapi, alinuna.

"Hii ni ya usalama, Mzee," alisema. "Huko tunakoenda, kichwa ndio mtaji."

Kisha akanigeukia mimi, akaniangalia miguu bila haya. "Kijana, una mapaja ya mlima." Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniambia nina chochote cha mlima. Jumamosi iliyofuata nilikuwa Kisian, na baiskeli nyeusi ya baba, ile aina tuliyoiita mamba, nzito kuliko ng'ombe mgonjwa.

Misemo yake tuliijua kwa moyo, maana hakutupa nafasi ya kuisahau. "Kilima hakina mjomba." "Ukiweka mguu chini, umeshuka cheo." Na ule aliousema akinyoosha kidole juu: "Breki ni za waoga." Sasa, sisi wenye mamba breki zetu zilikuwa za vyuma, zikilowa umande wa msituni zinagoma, kwa hiyo tulizoea kukanyaga tairi la nyuma kwa kisigino cha kiatu cha akala mpaka harufu ya mpira inapanda puani. Kocha alituita wapishi kwa sababu ya moshi ule. Lakini kila mwezi, bila kukosa, alikuja dukani kununua kebo ya breki. Rafiki yangu Odhiambo, fundi aliyekaa barazani kwetu na sanduku lake la spana, alikuwa akimtazama akiondoka halafu ananiuliza, "Omera," yaani ndugu yangu, "mtu hashiki breki, kebo inakatika na nini? Anatafuna?"

Swali hilo hatukuthubutu kumwuliza. Wala hatukumwuliza kwa nini yeye hakuwahi kuteremka mbele yetu. Alipanda nasi, akituacha nyuma akiwa na gia zake, akatukusanya kileleni, akaomba dua ndefu ya kutuombea mbavu zetu, akatoa somo. Somo lilikuwa refu kuliko safari. Alizungumza Kiswahili cha mtangazaji wa redio, kila neno limepigwa pasi, na akiona mgeni amepita aligeuza Kiingereza. Kidholuo alikihifadhi kwa ajili ya kuanguka. Halafu yeye hutangulia "kukagua", maana yake anashuka kwa miguu akisukuma baiskeli, anajibanza kwenye kona moja chini kabisa na filimbi mdomoni, na sisi tunamjia mmoja mmoja huku tukipiga mayowe. Akikupigia filimbi mara mbili umefaulu. Mimi nilifaulu mara nyingi, na makovu ya kufaulu ninayo bado.

Sehemu za njia alizipa majina. Palikuwa na Ulimi wa Ng'ombe, jabali la kuteleza. Palikuwa na Ngazi. Palikuwa na Talaka, mahali penye mizizi, ambapo wewe na baiskeli yako mlikuwa mnaachana, kila mmoja akashika njia yake. Watu walipomwuliza nani alichonga njia ile yote, alikohoa kidogo akasema, "Ni kazi ya mikono, ndugu zangu, na maono." Akaachia hapo, ili ujaze mwenyewe.

Uongo mtupu! Njia ile ilichongwa na wanawake. Walikuwa wakiipanda kila siku kutafuta kuni, wakishuka na mizigo kichwani, mama zao walifanya hivyo na bibi zao kabla ya hapo. Ndiyo maana ilikuwa inapindapinda. Mtu mwenye mzigo wa kuni kichwani hashuki kilima moja kwa moja, anakikata kwa ubavu, huku na huku, taratibu. Kocha aliziona zile pindapinda akazichukia. "Hii njia inatembea kama mlevi," alisema. Akatushikisha majembe na mapanga tukainyoosha. Mke wake alipita na kuni zake asubuhi moja, akatukuta tumefukia mpindo aliokuwa akipumzikia. Alisimama, akamwangalia mumewe, akasonya, akaendelea na safari yake. Yule mama aliongea kidogo sana, nadhani nyumbani kwao maneno yalikuwa yamekwisha gawanywa na yote yakaenda upande mmoja.

Lakini nisimpake matope tu. Kuna mambo aliyafanya ambayo wengi wetu hatukuyafanya. Mtu akiugua kule kilimani, ambako Kocha naye alikaa, gari haliwezi kufika, na machela inataka wanaume wanne ambao siku hiyo wote wana udhuru. Kocha alikuwa anakuja na baiskeli yake ya gia, anamketisha mgonjwa nyuma, anamfunga kiunoni kwa leso ili asidondoke, anaisukuma kwa miguu mpaka barabarani. Akikosa gari barabarani, anaendelea kusukuma kuelekea hospitali ya Kombewa. Njia nzima anamhubiria mgonjwa habari za gia na tairi. Odhiambo alisema wengine walipona ili wanyamaziwe. Baba Otieno hakupona. Kocha alimsukuma juani mpaka Kombewa, akalala huko naye, akarudi na habari ya msiba. Mke wa marehemu, Mama Otieno, hakusahau jambo hilo, na mimi nataka msomaji asilisahau pia, kwa sababu yanayofuata yanaudhi.

Boma la Mama Otieno lilikuwa chini ya kilima, pale msitu unapokwisha. Ndilo boma la kwanza ukitoka kwenye miti. Baba Otieno alizikwa pale pale nyumbani kwake kama desturi inavyotaka, na mtu akishalazwa kwake hahamishwi. Sasa njia yetu iliyonyooshwa ilikuwa inashuka ikilenga boma lile moja kwa moja. Kwa hiyo Kocha akaamua kuweka kona. Na kona hiyo, kwa maneno yake, ingezungumziwa mpaka Nairobi.

Tuliijenga kwa wiki nyingi. Ilikuwa ukuta wa udongo ulioinama, mtu aje kwa kasi, alale nao, atokee upande wa pili akielekea barabarani. Shida ikawa udongo unabomoka tairi likigusa. Hapo Kocha akapata lile wazo ambalo duniani kote lingeweza kuingia kichwani mwake tu. Aliangalia sakafu ya nyumba yake mwenyewe, ilivyosilibwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe, ngumu, laini, inang'aa. Akasema, kona isilibwe kama nyumba.

Akawaita wanawake. Na aliyejulikana kwa kusiliba, yule ambaye akimaliza sakafu unaogopa kuikanyaga, alikuwa Mama Otieno. Alikuja. Alisema mtu aliyelala hospitalini akimwuguza mumewe, yeye hawezi kumnyima mikono yake. Alipiga magoti akaisiliba kona ile yote, safu baada ya safu, akiimba, na wenzake wakimletea samadi kwa karai. Ilipokauka tulikula samaki na ugali pale pale. Kocha alitoa hotuba, akaiita Kona ya Kocha, maana unyenyekevu haukuwa katika mizigo aliyobeba siku hiyo.

Masika yakaja. Wewe ambaye umewahi kukaa ndani ya nyumba iliyosilibwa vizuri, ukamwaga maji sakafuni, unajua yanavyofanya. Hayanywewi, yanakimbia. Maji ya kilima kizima, ambayo zamani yalikuwa yakipotelea kwenye zile pindapinda, sasa yalikuwa na barabara yao. Yalishuka kwenye mfereji wa matairi yetu, yakafika konani kwa kasi, yakaruka ukuta, yakaangukia bomani kwa Mama Otieno. Yalikuwa wanafunzi bora kuliko sisi wote, hayakushika breki na hayakuweka mguu chini. Yakachimba korongo, na korongo likaelekea kwenye kaburi la Baba Otieno.

Mama Otieno alipanda mkonge, ukang'olewa. Akapanga mawe, yakabiringishwa. Siku moja ubavu wa kaburi ukamegeka. Akaja kwa Kocha, sisi tukiwepo, tumekaa tunaziba pancha.

"Hii maji inatoka kwa kona yako," alimwambia. "Nimesimama kwa mvua nimeona na macho yangu. Kuja ubomoe."

"Mama," alisema Kocha, akiwa na helmeti yake kichwani, "kona ni mali ya mchezo. Na mvua ni ya Mungu."

"Na mzee wangu ni wa nani?"

Kocha aliendelea kusugua tyubu kwa msasa ingawa ilikuwa imeshasuguliwa.

Maneno yakafika kwenye baraza la naibu chifu. Watu walijaa, maana kesi ya maji na marehemu haipatikani kila wiki. Mama Otieno alisimama akasema maneno machache: hataki fidia, hataki pole, anataka kona ibomolewe, na Kocha asimame aseme mbele ya watu kwamba maji ni yake. Kwa nini alilitaka hilo la pili? Kwa sababu shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu, alikuwa ameanza kunong'ona kwamba kaburi la mtu mwema halimegeki hivi hivi.

Kocha akapewa nafasi. Ingekuwa bora asipewe. Alivua helmeti, akaikumbatia, akatabasamu.

"Naibu chifu, wazee, akina mama. Mimi nafundisha vijana. Sijawahi kufundisha maji. Maji hayajui kuendesha baiskeli." Watu wakacheka. Na Kocha akiona watu wamecheka, hana tena breki za aina yoyote. "Mvua imenyesha kwa maboma mangapi? Mbona makaburi mengine yametulia? Mwulizeni Mama. Labda mzee pale chini anatafuta mahali penye amani. Labda anamhama!"

Baraza liliangua kicheko, naibu chifu mwenyewe akaficha uso kwa kofia yake. Mama Otieno alibaki amesimama, mikono imeshika leso yake. Shemeji yake peke yake hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa alichokuwa akikitafuta.

Naibu chifu akasema ataangalia jambo hilo, na sote tunajua wakubwa wanavyoangalia mambo. Kuanzia siku hiyo mzaha wa Kocha ukatoka na miguu yake. Ukaenda sokoni, ukaenda kanisani, ukaenda mtoni. Yule ndiye mwanamke ambaye mume wake anamhama akiwa kaburini. Watu walisema lazima kuna alichomtendea. Wengine walikumbuka kwamba mumewe alikunywa dawa fulani hospitalini na akafa, na wakaacha kukumbuka ni nani aliyempeleka huko. Wanawake waliokuwa wakimwita awasilibie nyumba wakaacha kumwita. Mikono ile, ati ina mkosi. Nilimchukia Kocha miezi ile, nasema wazi. Nilimchukia zaidi kwa sababu hata hakuwa na chuki na yule mama. Alitaka tu kuchekesha.

Odhiambo alijaribu. Alimwambia, "Kocha, si useme tu? Neno moja."

"Nikisema," Kocha alijibu kwa sauti ya chini, ile isiyo ya redio, "watasema na kona ni mbovu."

Kona! Basi akaitisha mashindano. Alialika waendesha baiskeli kutoka mjini, kutoka Ahero, hata wawili kutoka Kericho waliokuja na baiskeli juu ya lori la chai. Wa Ahero walitia huruma, maana huko tambarare kilima kikubwa ni tuta la shamba la mpunga. Umati ulikusanyika kando ya kona. Na mmoja wa wale wa Kericho, hakujua anachofanya maskini, akasema kwa heshima, "Kwanza Kocha atuonyeshe njia."

Watu wakapiga makofi. Niliuona uso wa Kocha. Kwa miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemwomba jambo hilo dogo. Angesema goti linamuuma tungeelewa. Lakini alifunga tyubu kidevuni, akapanda kileleni, na kama kawaida ya mambo yake, mvua ikaanza kudondoka.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Kwanza breki, zikilia njia nzima tangu Ulimi wa Ng'ombe. Halafu Kidholuo. Halafu akatokea kwenye miti, miguu yote miwili iko chini inaburura, macho yamemtoka, akaingia kwenye kona yake iliyosilibwa na kuloweshwa, akapanda ukuta, akauruka, akatua ndani ya korongo, bomani kwa Mama Otieno.

Tulikimbia. Baiskeli ilikuwa juu, yeye alikuwa chini, amelala ubavu kwenye tope, na uso wake ulikuwa umekabiliana na ubavu wa kaburi. Ubao wa jeneza ulikuwa unaonekana. Maji yalikuwa yakishuka nyuma yake kutoka konani, yakipita juu ya mabega yake, yakienda pale pale. Hakusogea kwa muda. Nilidhani amevunjika shingo.

Mama Otieno alitoka nyumbani. Alimshika mkono akamvuta, akamketisha kwenye kigoda, akaleta maji ya moto yenye chumvi akamwosha muundi uliochunika. Alipomaliza alimwuliza, "Umeona?"

Umati wote ulingoja. Kocha aliangalia korongo, akaangalia watu, akaangalia wale wageni wa Kericho.

"Nimeona," alisema. "Kona inahitaji kuinuliwa kidogo."

Ya Rabi! Odhiambo alitema mate. Mimi nilichukua baiskeli ya baba nikateremka zangu barabarani, na sikupanda kilima kile tena kwa mchezo.

Kona haikuinuliwa. Siku ya soko iliyofuata, wanaume wakiwa hawapo, Mama Otieno alipanda na jembe akaanza kuibomoa kazi ya mikono yake mwenyewe. Aliyemfuata wa kwanza alikuwa mke wa Kocha. Alifika na jembe lake, akasonya, akainama akalima. Baadaye wakaja wengine, hata waliokuwa wakimsema. Walivunja kona yote na kuchimba mitaro ya kupindisha maji kama zamani, na kaburi likazibwa kwa mawe na udongo. Kocha alirudi akakuta uwanja wake wa sifa umekuwa rundo la samadi kavu. Nilisikia alikula chakula chake akalala.

Kwa hiyo maji yaliondoka, lakini mzaha haukuondoka. Kaburi lilipona, jina la Mama Otieno halikupona. Shemeji yake aliendelea kulibeba lile neno kila alikokwenda, na akamnyang'anya sehemu ya shamba akailima, akisema marehemu mwenyewe alishaonyesha upande wake. Dawa ya neno lile ilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja tu, na mdomo huo, uliokuwa wazi tangu alfajiri mpaka machweo, kwa jambo hilo ulikuwa umefungwa.

Miaka ya tisini ikaja na boda boda zake. Vijana wa Kocha wakaona kwamba mapaja ya mlima yanaweza kubeba abiria mjini na kununua mkate. Odhiambo akawafungia viti vya sponji nyuma. Kocha aliwaona kama wasaliti. Alisimama pale karibu na stendi na kuwapigia kelele, "Mmegeuza mchezo kuwa kiti!" Nao wakamjibu, "Kocha, panda nikupeleke, breki ziko." Nywele zilikuwa zimeanza kumwacha. Dukani aliendelea kuja, akakaa, akanywa chai, akahutubia. Habari za Mama Otieno zikitajwa, alikumbuka ana shughuli.

Mvua za El Nino zilipokwisha, barabara bado zikiwa na mashimo, nikapata habari kwamba Mama Otieno amefariki. Nilikwenda kuzika. Nilikuwa mtu mzima sasa, duka ni langu. Boma lilijaa watu, turubai limefungwa, jenereta linanguruma nyuma ya nyumba, na maikrofoni inazunguka. Mazishi ya huku bila hotuba si mazishi. Wakasema wa kanisa, wakasema majirani, wakasema wakwe. Otieno, mwanawe, alikuwa amekuja kutoka Nairobi na suti nyeusi. Aliketi karibu na jeneza, mkono mmoja juu ya mbao.

Shemeji mkubwa akashika maikrofoni. Alimsifu marehemu kidogo, kwa adabu. Halafu akasema, "Lakini sisi ni familia, hatufichani. Shemeji yetu alikuwa na mambo yake. Nyinyi nyote mnajua kaburi la ndugu yangu lilivyotaka kuhama. Tumsamehe, tumzike." Minong'ono ikapita chini ya turubai. Otieno aliinamisha kichwa. Mbele ya maiti ya mamake! Nilitamani ardhi impasukie yule mzee, na hakuna aliyesimama.

Msimamizi wa shughuli, kijana asiyejua lolote, akaangalia huku na huku akamwona mtu maarufu. "Sasa tumwite Kocha wetu, na Kocha, tafadhali, dakika chache tu!" Watu wakacheka kwa uchovu. Kocha aliinuka kutoka nyuma. Alikuwa amekonda, anatembea kwa fimbo, kichwa wazi. Nikajiandaa kwa saa nzima ya gia na maono. Wengine walianza kusogeza viti vyao waondoke.

Alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Akaiangalia. Mdomo ulifunguka ukafungika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona anatafuta neno.

"Maji yale yalikuwa yangu," alisema.

Jenereta lilikuwa likinguruma peke yake.

"Niliichimba mimi ile njia. Nililala kwenye korongo nikayaona. Mzee hakuhama kokote. Huyu mama hakumkosea mtu." Akamgeukia shemeji mkubwa. "Ni mimi nilidanganya, na wewe ulipenda."

Akarudisha maikrofoni. Msimamizi akabaki ameishika, akingoja sehemu iliyobaki, lakini haikuwapo. Shemeji mkubwa aliangalia viatu vyake. Kwenye viti vya wanawake mtu alianza kulia, kilio cha kweli, si kile cha mazishi, na nilipogeuka nikaona ni mke wa Kocha.

Kocha alikuwa anarudi nyuma, amepita karibu na jeneza, Otieno alipomshika mkono wa shati. Hakuwa na hasira. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia.

"Jaduong', mzee wangu," alimwambia, "ulikuwa unakaa hapo juu tu. Mama alikuwa hapa siku zote."